Sampuli Iliyokaa Dirishani

Mjukuu wangu Neema yuko kidato cha sita. Wiki iliyopita alikuja na wenzake hapa kwangu, mtaa wa Sakina, Arusha, wakavua viatu mlangoni, wakaniamkia vizuri, wakakaa wananitazama kama watu waliotumwa kuleta posa. Nikajua wana neno. Neno lenyewe ni kwamba kila mmoja ana somo la ziada linalomsumbua, mtihani wa mwisho uko karibu, na hawajui waliache au waliendeleze. Nikamuuliza Neema, umemuuliza mama yako? Akasema, "Mama amesema nikuulize wewe. Amesema yeye hana jibu."

Jibu analo. Hataki tu kulitoa mwenyewe.

Basi nitawaandikia, maana mkinisikiliza kwa masikio simu zenu zinalia. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa kulea wadogo zangu. Fizikia siijui hata kwa sura. Lakini kazi yangu ya maisha ilikuwa kukaa mezani na kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Nilikuwa mchambuzi wa maharage ya mbegu. Chekeni, halafu mkimaliza kucheka mwendelee kusoma.

Maharage ya mbegu si maharage ya kula. Ya kula, ukikosa ukaacha kijiwe, mtu atavunjika jino na kukutukana, yamekwisha. Ya mbegu, ukikosa, kosa linaota. Linatoa maua, linazaa, mwakani unalo shamba zima. Ghala letu lilikuwa kando ya barabara ya Nairobi, hapo mnapopita kila siku bila kugeuza shingo. Sasa ni gereji na duka la vipuri. Magunia yalitoka kwa wakulima wa Ngaramtoni, Monduli, mpaka kule Usa River. Yanashushwa, yanapepetwa, tunamwagiwa mezani sisi wanawake. Punje iliyovunjika, toa. Iliyoliwa na fukusi, toa. Yenye makunyanzi, toa. Halafu kuna ile ngumu kuliko zote: punje nzima, nene, inang'aa, haina kosa lolote, ila si ya aina iliyoagizwa. Nayo toa. Hiyo ndiyo iliyowaliza wageni wa kazi. Mtu amekulia kwenye njaa, leo unamwambia atupe harage zuri kwa sababu lina baka jekundu mgongoni.

Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja wa Kiarusha, tukimwita Koko Naserian. Koko kwao ni bibi, na alikuwa bibi kweli, wa masikio marefu na mkono mwepesi. Siku yangu ya kwanza nilishika harage moja nikaligeuza huku, nikaligeuza kule. Akanichapa kidoleni.

"Wewe mama, unatafuta mchumba humo?"

Meza nzima ikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Alipoondoka, Koko akanifundisha. "Usitafute mazuri. Mazuri ni mengi, yatakupofusha. Legeza macho, tazama meza yote, kama unavyotazama mbuzi wakirudi jioni. Asiye wako utamwona tu, wala hutamhesabu." Hilo ndilo somo lote la uchambuzi. Mengine ni madogo. Usijipake mafuta mikononi, yanatia punje doa. Mkono wa kushoto utawanye, wa kulia uokote, usiigombanishe. Usiimbe pambio la haraka, mikono itafuata pambio. Ukitaka kujua kama harage limekauka, ling'ate. Meno yakiacha alama, lirudishe juani. Na mbegu iliyokwisha kupakwa dawa, ile ya rangi ya waridi, usiile hata ukiiosha mtoni mchana kutwa. Mwenzetu mmoja alifunga kidogo kwenye ncha ya khanga akaenda kupika. Alitapika mpaka majirani wakaanza kuulizana nani ataleta turubai. Alipona, ila jina la Mama Waridi lilimganda mpaka alipoacha kazi.

Kwenye kichwa cha meza ilikaa chupa ya sampuli. Chupa ya kioo yenye mfuniko, na ndani yake punje za aina tunayoitaka. Ukipata shaka unanyanyuka, unalinganisha. Chupa ikishasema imesema. Hata msimamizi alikuwa habishani na chupa.

Sasa niseme habari za Anande, mama yake Neema, ambaye ni mtoto wangu wa mwisho. Baba yao alitutoka Anande akiwa bado shule ya msingi. Kwa desturi yetu sisi Wameru, mwanamume akifariki, kaka yake ndiye anakuwa mlezi wa watoto. Kaka huyo alikuwa shemeji yangu Aminieli, bwana mifugo mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa suti moja na amri nyingi. Yeye ndiye aliyeandikwa shuleni. Yeye ndiye aliyeshika kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kule juu kwenye barabara ya Momela. Mimi nililima kipande changu mle kwa ruhusa yake. Nilikuwa napanda Jumamosi, nalima, nashuka na ndizi. Mshahara wa ghalani ulikuwa wa chumvi na sabuni. Tulichokula kilitoka kwenye kipande kile.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nyinyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamjui. Sisi tuliamka tukakuta kila kitu kipo: sabuni za kunukia, mitumba imepangwa chini Ngarenaro mpaka huna pa kukanyaga, redio za kila rangi. Madukani kukajaa na maofisini kukapungua. Neno la siku zile lilikuwa "kupunguzwa". Ukikutana na mtu humwulizi habari za kazi, unamtazama viatu kwanza. Ghala letu lenyewe lilikuwa la serikali, likauzwa, tukaletewa mwenye mali mpya ambaye tulimwona mara moja, akapita katikati ya meza ameziba pua kwa sababu ya vumbi.

Anande alikuwa anasoma shule ya bweni ya wasichana, ya kanisa. Akaja pale mwalimu mmoja mkimbizi kutoka Burundi, Mwalimu Deo, mwembamba, mwenye shati moja jeupe alilolifua mpaka likawa karibu kuonyesha mbavu. Aliajiriwa kufundisha Hisabati. Alasiri, baada ya vipindi, akaanza kufundisha Kifaransa kwa anayetaka. Wakaingia wasichana wachache, wakabaki wachache zaidi, na Anande akabaki. Akija likizo anaongea Kifaransa peke yake. Anaosha vyombo anaongea. Anafukuza kuku kwa Kifaransa, nao wanakimbia.

Nikamwambia, "Usiwazoeshe kuku wangu lugha. Ukirudi shule nitawafukuza na nini?"

Akacheka, akanitamkia neno moja refu la puani, akasema maana yake ni mama yangu mkali. Sijui kama ni kweli. Ila niliona mdomo wake ulivyokuwa unaenda wenyewe. Mikono ya Koko Naserian mezani ilikuwa hivyo: haiulizi, inajua.

Alipofika kidato cha nne alikuwa na masomo kumi, na Kifaransa kilikuwa cha kumi. Fizikia ilikuwa inamzamisha. Matokeo ya mtihani wa muhula yakaenda kwa mlezi, mlezi akaita kikao. Jumapili, baada ya ibada, tukakaa sebuleni kwake: yeye, wazee wawili wa ukoo, mimi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, na Anande amesimama.

"Anande, hii Fizikia ni kitu gani?"

"Ni mbaya, baba mkubwa."

"Ubaya nauona, nina macho. Na hiki Kifaransa?"

"Hicho ni kizuri. Ni cha kwanza darasani."

"Cha kufanyia nini? Kuna Mfaransa hapa Meru? Mimi nimechanja ng'ombe wilaya nzima, sijakutana na hata mmoja aliyelia kwa Kifaransa."

Wazee wakacheka. Mmoja akaongezea, "Lugha ya wakimbizi hiyo, mwanangu. Kila anayeijua utamkuta na mzigo kichwani."

"Lakini Mwalimu Deo anasema..."

"Mwalimu yupi? Huyo aliyeshindwa kukaa kwao?"

Hapo nikasema. Msidhani nilinyamaza, sikuzaliwa bubu. Nikasema, "Shemeji, mimi naona asikiache. Fizikia haimwingii kwa sababu haimwingii. Ukimnyang'anya mtoto sahani anayokula, hatarudi kwenye ile aliyoisukuma."

Aminieli hakukasirika. Alikuwa mtu wa taratibu, na utaratibu wake ndio uliokuwa unaniudhi. "Mama Anande, nimekusikia. Sasa nisikilize na mimi. Nilisoma sayansi, serikali ikanipa kazi, ikanipa nyumba, ikanipa pikipiki. Binti yangu mkubwa alisoma sayansi, akawa nesi, serikali ikampa kazi kabla hajafua sare yake ya shule. Njia hii siisomi kwenye gazeti, nimeipita kwa miguu. Mtoto aache hicho cha kumi, muda wake uende kwenye Fizikia, aende kidato cha tano, awe mganga. Nimekosea wapi?"

Na niwaambieni kweli, hata mimi kosa sikuliona. Njia aliyoisema ilikuwepo. Tulimwona mwenyewe akipita nayo, na pikipiki yake inatoa moshi. Tukaomba, tukala ndizi kwa nyama, tukashuka. Anande alikaa dirishani garini hadi Usa, ametugeuzia kisogo.

Msimu ule ule, ghalani, likatokea jambo.

Kila mwaka sampuli mpya ilikuwa inatoka kwa wanunuzi, Uholanzi. Mwaka ule, kwa sababu ya kuuzwa kwa ghala na vurugu zake, haikuja. Msimamizi akasema tusikae bure, tutumie chupa ya zamani. Aina ilikuwa ile ile, harage jeupe la maziwa. Chupa ilikuwa dirishani, imekaa hapo inapigwa jua miaka. Hakuna aliyeipa mawazo. Chupa ni chupa.

Tukaanza kuchambua. Ule mzigo ulikuwa umechanganywa: wakulima wengine walileta ya msimu mpya, wengine wakachomeka na yaliyobaki ya nyuma. Tukilinganisha na chupa, yaliyofanana nayo ni yale yenye rangi kama ya chai ya maziwa. Yale meupe kabisa yakaonekana ndiyo mageni. Basi toa meupe! Siku ya pili Koko Naserian akashika meupe kiganjani, akayang'ata, akayanusa.

"Hawa wageni mbona ni wengi hivi?" akasema. "Wageni wakiwa nusu ya boma, labda mgeni ni wewe."

Msimamizi akamwonyesha chupa. "Koko, unabishana na sampuli?"

"Sibishani, baba. Nauliza tu." Akarudi kuchambua.

Makapi, kwa kawaida, tuliruhusiwa kuyachukua kwa kupika. Mwaka ule yalikuwa mengi, tukabeba mafurushi kama tunatoka harusini. Na yalikuwa matamu! Yanaiva upesi, mchuzi wake mzito, hata kitunguu hakikutakiwa. Watoto wa Sakina nzima walinenepa.

Halafu mtu wa kupima uotaji akafanya kazi yake. Yeye alikuwa anapanda punje kwenye sinia za mchanga, anasubiri aone zinazotoka. Yale tuliyoyachagua yakatoka moja moja, kama mvi za kijana. Nyuma ya ghala, pale penye bomba linalovuja, palikuwa na gunia la makapi lililopasuka. Asubuhi moja tukakuta pameota. Pameota pote, majani mawili mawili, kijani kibichi, yamebanana kama kwaya. Tulisimama pale na khanga zetu viunoni. Harage jeupe likikaa, jamani, linageuka rangi. Linazeeka kama sisi. Sampuli yetu ilikuwa imezeeka chupani, na sisi tukawa tunatafuta wazee wenzake na kutupa vijana. Mbegu bora kuliko zote zilizowahi kupita kwenye ile meza, tulikuwa tumezila.

Koko Naserian ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa namwona Aminieli na pikipiki yake.

Jumamosi ile nikapanda Meru. Nikamkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikamweleza yote, chupa, jua, makapi kuota. Nikasema, "Shemeji, njia uliyopita wewe ilikuwa kweli, siku zile. Lakini sasa serikali yenyewe inapunguza watu. Manesi wako wapi wanaopewa kazi kabla ya kufua sare? Tunamchambua mtoto kwa chupa ya zamani."

Akafuta panga kwenye majani. "Kwa hiyo mimi ni harage lililooza?"

"Sijasema umeoza. Nimesema umekaa dirishani."

Nilimwona uso unabadilika, nikajua nimesema kupita kiasi, lakini maneno hayarudi mdomoni. Akaniambia kwa ule utaratibu wake, "Mama Anande, mtu anayetaka kuamua mwenyewe, aamue yote mwenyewe. Na pa kulima atafute mwenyewe."

Nikashuka. Nilijua alichokisema na nikaamua kutokukisikia. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikaenda shuleni kwa Anande.

Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo, si mbaya, amechoka tu. Akanikaribisha kiti. Akasema majina ya mtihani yanakwenda mkoani wiki ile, na kwenye orodha Kifaransa cha Anande kimekwisha kukatwa kwa agizo la mlezi. Nikasema mimi ndiye mama yake.

"Naelewa, mama. Lakini mlezi hapa ni Bwana Aminieli."

"Mtoto nilimzaa mimi, madam. Aminieli hakuwepo."

Akajizuia kucheka. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu Deo naye amenijia mara nyingi kwa ajili ya huyu binti. Sikiliza, mama, tumwite mwenyewe. Akisema anakitaka, nitakirudisha, na huyo mlezi nitaonana naye mimi."

Nyinyi mnaosoma hapa, mnaona? Mlango ulifunguka. Mtu wa ofisini, mwenye uwezo, aliufungua kwa mkono wake. Moyo wangu ulipiga kama wa msichana.

Anande akaja, amevaa sweta la shule, mikono nyuma. Mwalimu Deo naye akaja akasimama mlangoni, hakuingia. Mkuu akasema, "Anande, mama yako ametoka mbali. Anataka uendelee na Kifaransa. Mwalimu wako anataka. Sasa wewe unataka nini? Sema bila woga."

Mtoto hakuniangalia usoni. Aliangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa raba za kulimia, pembeni zina udongo wa kule juu kihambani.

"Nimekiacha mwenyewe, madam," akasema. "Sikitaki tena."

Mwalimu Deo aligeuka akaondoka. Sikumbuki nilivyoaga. Nilimkamata Anande nje, kwenye michongoma, nikamtikisa.

"Umeniaibisha kwa nini? Nimeacha kazi, nimekuja mpaka hapa kukuombea, wewe unasema hutaki!"

"Mama, usipige kelele, watu wanatazama."

"Watazame! Kwa nini?"

Akaanza kulia, ila kimya kimya. "Baba mkubwa alikuja jana baada ya ibada. Akaniuliza, nikibaki na Kifaransa changu, wewe utalima wapi."

"Ningelima barabarani! Ningelima kwenye paa! Nani alikwambia unihurumie?"

"Nenda, mama," akasema. "Utakosa gari."

Hayo ndiyo yote. Mtihani ulifika. Muda ule uliookolewa kwenye Kifaransa haukwenda kwenye Fizikia. Mwenzake wa bweni aliniambia ulikwenda dirishani. Anande alikuwa anakaa na kitabu cha Fizikia mapajani anatazama michongoma. Matokeo yakatoka, Fizikia akaanguka, Kemia akaanguka, kidato cha tano hakwenda. Aminieli akasema ni bahati mbaya, tumwachie Mungu. Aliniachia na kipande changu cha kulima, kwa heshima zote, kila mwaka, mpaka alipofariki. Nilikilima. Ndizi zake zilinikwama kooni, lakini nilikilima, maana mtoto alikuwa amekilipia.

Ghalani, Koko Naserian alipunguzwa wa kwanza. Mimi nikafuata baadaye, siku walipoleta mashine yenye jicho la umeme, inayopuliza harage baya kwa pumzi. Kijana aliyekuja kuifunga aliomba sampuli ya kuifundishia. Nikamuuliza, ya mwaka gani? Akadhani namtania.

Na miaka michache baada ya Anande kumaliza shule, dunia ikaja yenyewe Arusha. Mnaijua habari hiyo, wazazi wenu wengine walipangisha nyumba kwa watu hao. Wageni waliletwa mjini kusikiliza kesi kubwa za nchi ya jirani, na shauri zima lilikuwa linakwenda kwa Kiingereza na Kifaransa. Mji ulitafuta wajua Kifaransa kama unavyotafuta maji Januari. Wasichana wawili waliobaki kwenye lile darasa la alasiri waliitwa hata kabla ya kuomba. Anande naye alipata kazi kwenye jengo la kesi hizo. Kampuni ya usafi ilimchukua, akawa anasukuma kitoroli cha chai.

Siku moja alirudi akaniambia, na hakunieleza tena siku nyingine. Alikuwa anapita na chai kwenye ukumbi, mtu mwenye suti ya kijivu akasimama mbele yake. Mwalimu Deo. Amenenepa kidogo. Kazi yake ilikuwa kutafsiri.

"Anande? Ni wewe?" Halafu akaendelea kwa Kifaransa, kwa furaha, maneno mengi.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia, karibu chai, mwalimu."

"Kwani hukuelewa alichosema?"

"Nilielewa nusu, mama," akasema. "Nusu ndiyo inauma."

Basi, Neema na wenzako. Somo lililoliwa na fukusi, yaani hulipendi, halikuingii, na huko uendako halina kazi, litoe na usilie. Nimetoa magunia kwa magunia na nikalala usingizi. Lakini kama ni zima na linang'aa, na unalitoa kwa sababu tu halifanani na chupa ya mtu, muulize mwenye chupa imekaa dirishani tangu lini. Akikasirika, muulize tena. Na mimi mniulize hivyo hivyo, maana na mimi nimekaa. Ila lipo moja sitaki kuulizwa. Mtu asije kuniambia ameacha kitu kwa ajili ya kunihurumia. Mzazi akikosa shamba atatafuta shamba. Mimi nilihurumiwa mara moja, na ule mzigo sijautua mpaka leo.

Neema, unauliza kwa nini mama yako hana jibu. Siku akija hapa Jumapili, usiingie jikoni haraka. Simama ukutani usikilize. Akiwa anachambua maharage peke yake anayahesabu kwa Kifaransa, polepole, kwa sauti ya chini, na sauti yake inakuwa ya msichana. Nikiingia mimi, anaendelea pale pale alipofika, kwa Kiswahili.